Tumngoje au tuzike? Uchambuzi wa safari moja ya London hadi Unguja

Mzee alifariki usiku wa kuamkia Jumatano, mwezi wa Januari, yapata saa tisa, nyumbani kwake Kikwajuni. Ameacha watoto watatu. Mkubwa anaishi hapa hapa mjini na ndiye aliyemfumba macho. Wa pili, binti, ameolewa Chake Chake, Pemba. Kitinda mimba yuko London miaka mingi sasa na paspoti yake ni ya Uingereza. Nakiandika kisa hiki kwa idhini yao na bila ya majina, kwa sababu swali walilokuwa nalo alfajiri ile liko karibu katika kila nyumba ya Unguja yenye mtu ng'ambo: tumngoje au tuzike?

Mimi si shekhe. Nina ofisi ndogo ya kukata tiketi Darajani, na hayo ya sunna ya kuharakisha maziko nawaachia wenyewe. Ila siku ile uamuzi wa dini na wa familia ulisimama juu ya tarakimu, na tarakimu ndizo zilizokwenda kombo. Hizo nina haki ya kuzisemea.

Hesabu ya Maalim

Ami yao ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mtaa mzima humwita Maalim. Baada ya sala ya alfajiri alikaa barazani na simu ya mjukuu wake, akaandika majina ya miji miwili, simu ikamjibu kilomita 7,442. Anajua kwamba ndege kubwa huenda kama kilomita 900 kwa saa. Akagawa: saa nane na dakika kumi na sita. Kijana alikwishapigiwa simu tangu saa tisa na nusu, ambayo kwake ilikuwa saa sita na nusu ya usiku, maana majira ya baridi Uingereza huwa nyuma yetu kwa saa tatu.

"Akiondoka saa kumi na mbili asubuhi ya kwao, kwetu ni saa tatu," Maalim akasema. "Tia nane na robo. Saa kumi na moja na robo jioni ameshatua Kisauni." Kisauni ndiko uliko uwanja wetu wa ndege.

Ikapita kauli: maziko baada ya Isha, makaburi ya Mwanakwerekwe. Tangazo likapelekwa msikitini na jengine redioni.

Mimi nilipigiwa saa mbili asubuhi, na sikuulizwa kitu, niliagizwa. Nimkatie kijana ndege ya saa kumi na mbili.

Nimtendee haki Maalim. Umbali aliopewa ni sahihi, mwendo wa ndege ni sahihi, na kugawa hakukosea. Hata tofauti ya saa aliikumbuka, jambo ambalo nusu ya wateja wangu hulisahau. Kungekuwa na ndege imewashwa Heathrow inamngoja kijana peke yake, ikaruka na kunyoosha hadi hapa, ningemwongezea nusu saa na ushei tu ya kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka, kwani hapo ndege haiendi kwa kasi yake kamili. Lakini hakukuwa na ndege kama hiyo. Msimu ule hakuna aliyekuwa akiruka moja kwa moja kutoka Heathrow hadi Unguja. Hata Dar es Salaam, ambayo British Airways ilikuwa ikienda moja kwa moja kutoka London, iliachwa mwaka 2013.

Mstari wenyewe unapita wapi

Zile kilomita 7,442 ni urefu wa njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa dunia, kutoka Heathrow hadi uwanja wa Abeid Amani Karume. Inafaa kuifuata kidogo, maana watu huiona kwenye simu kama uzi mwembamba wakadhani ndiyo barabara. Uzi unatoka London kuelekea kusini-mashariki, unakata Ufaransa na milima ya Alps, unapita Italia na ncha ya Sicilia, unavuka Mediterania, unaingia Libya. Nusu ya safari inaangukia jangwani karibu na Kufra, kusini-mashariki mwa Libya. Kutoka hapo ni magharibi ya Sudan, halafu Sudan Kusini, halafu Kenya.

Sasa tazama nchi mbili zilizo katikati. Anga ya Libya imekuwa ikikwepwa na mashirika mengi kwa miaka kutokana na vita. Anga ya Sudan ilifungwa Aprili 2023 mapigano yalipozuka Khartoum, na ndege nyingi za Ulaya na Afrika Mashariki zikalazimika kuzunguka, nyingine zikipita Misri na Bahari ya Shamu kabla ya kuingia Ethiopia. Kwa hiyo kitovu cha ule mstari mfupi ndipo mahali ambapo rubani hataki kupita. Simu ya mjukuu haikumwambia Maalim hilo, na haikuwa kazi yake. Iliulizwa umbali, ikatoa umbali.

Kuna jambo la ajabu zaidi kwenye mstari huu. Nairobi iko karibu juu yake kabisa. Kutoka London hadi Nairobi ni kama kilomita 6,841, na kutoka Nairobi hadi Unguja ni 602. Jumlisha uone: 7,443. Yaani ukipitia Nairobi unaongeza kilomita moja tu. Addis Ababa nayo haiko mbali na njia: 5,920 kisha 1,691, jumla 7,611, nyongeza ya kilomita mia na sabini hivi. Doha ndiyo iliyotoka pembeni. London hadi Doha ni karibu 5,240, na Doha hadi hapa karibu 3,750. Hiyo ni jumla ya 8,990, zaidi ya mstari ulionyooka kwa kilomita 1,550 hivi, kupita umbali wa kutoka hapa hadi Nairobi na kurudi.

Mtu anayepima safari kwa kilomita angesema mkatie ya Nairobi, macho yamefumbwa. Kijana tulimkatia ya Doha.

Ndege ya mwisho

Ilipofika saa tatu asubuhi nilikuwa nimefungua ratiba za pande zote. Njia ya Nairobi ilikuwa na ndege ya asubuhi kutoka London, ya moja kwa moja, kiasi cha saa tisa angani. Inatua Nairobi usiku, na kwa siku ile ndege ya mwisho ya kuja Unguja ilikuwa imeshaondoka. Angelala. Na alale wapi? Tangu Januari 2024 Kenya imeondoa viza ikaweka kibali cha kuombwa mtandaoni, na mwenye paspoti ya Uingereza anatakiwa awe nacho ndipo atoke nje ya uwanja. Kibali hicho huombwa siku kadhaa kabla. Kwa hiyo angelala kwenye viti vya uwanja wa Jomo Kenyatta na kupanda ndege ya asubuhi, afike hapa saa tatu na nusu ya Alhamisi.

Addis ilikuwa na ndege moja ya usiku kutoka London. Asubuhi Addis, kisha kuunga, kisha Unguja saa saba mchana wa Alhamisi. Safari tulivu na fupi, ila inaanza kwa kuchelewa siku nzima, kwani ya usiku uliopita ilikuwa imeruka saa chache kabla ya mzee kukata roho.

Doha sasa. Kutoka London huondoka ndege kadhaa kwa siku kwenda Doha, lakini kutoka Doha kuja Unguja, kwa ratiba ya wiki ile, iliyofaa ilikuwa moja, ya saa nane na dakika thelathini na tano usiku. Hapo ndipo penye kiini cha kisa chote. Kaka mkubwa aliniuliza kwa simu, kwa sauti ya mtu asiyelala, "Hakuna ya mapema? Kuna ya asubuhi hiyo, naiona hapa." Ipo, nikamwambia. Mdogo wako akipanda ya saa mbili asubuhi atafika Doha jioni, atakaa transiti karibu saa tisa, atapanda ndege ile ile ya usiku. Akipanda ya saa tisa alasiri atafika Doha usiku wa manane, atakaa karibu saa mbili, atapanda ndege ile ile ya usiku. Vyovyote anakuja hapa saa mbili na dakika ishirini asubuhi ya Alhamisi.

Kimya kikapita. Halafu akasema, "Kwa hiyo hata angekuwa yuko Heathrow sasa hivi..."

Hata angekuwa amekaa kwenye mlango wa ndege.

Hivyo ndivyo sisi tunaokata tiketi tunavyohesabu, ingawa hatukufundishwa skuli: tunaanza mwisho. Unatafuta ndege ya mwisho inayotua Kisauni, unaangalia huko inakotoka huondoka lini, kisha unarudi nyuma hadi mlangoni kwa msafiri. Mguu wa mwisho, yaani kipande cha mwisho cha safari, ndio wenye ndege chache, na ndio unaoamua. London ina ndege nyingi kupindukia, haijawahi kuwa tatizo. Tatizo ni kwamba kisiwa chetu, pamoja na watalii wote hawa, kutoka mji mmoja mmoja wa kuungia ndege hupata ndege moja, au mbili zikizidi, na nyingine si za kila siku.

Kuna aliyesema ashuke Dar avuke kwa boti. Si wazo baya, wengi hufanya hivyo. Dar na Unguja ni kilomita 73 tu kwa anga, na boti ya kasi huchukua kama saa mbili. Siku ile halikusaidia, kwani ndege zote za kumfikisha Dar nazo zilikuwa za Alhamisi, na ya kwanza yao ilitua baada ya ile ya Doha kutua hapa.

Tiketi ilivyosomwa barazani

Nikatuma tiketi kwa WhatsApp, na Maalim akaisoma kwa sauti. London 15:05. Zanzibar 08:20, na kando yake alama ya kujumlisha na moja, maana yake siku inayofuata. Akahesabu kwa vidole: saa kumi na saba na robo. Chini yake shirika limeandika muda wa safari saa 14 na dakika 15. Akapandisha miwani. "Hawa wanatupunja saa tatu."

Hawampunji mtu. Saa ya kuondokea imeandikwa kwa saa ya London, na ya kufikia kwa saa ya Unguja, na tofauti ile ile aliyoikumbuka alfajiri ndiyo aliyoiacha saa nne asubuhi. Ukizipanga zote kwa saa ya hapa, kijana anaondoka saa kumi na mbili na dakika tano jioni, anaruka saa sita na dakika arubaini hadi Doha, anakaa saa moja na dakika hamsini, anaruka tena saa tano na dakika arubaini na tano. Inatimia 14 na robo. Doha na Unguja zinatumia saa moja, kwa hiyo kipande cha pili hakina mtego.

Na katika hizo 14 na robo, muda wa kuwa ndani ya ndege ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Ugawe kilomita 8,990 kwa hizo uone mwendo: kama 724 kwa saa. Ndiyo kusema hata ndani ya ndege yenyewe ile 900 ya Maalim haikai mwanzo hadi mwisho. Kuna kutambaa, kupanda, kushuka, na njia zisizonyooka, na ukishuka ukapanda tena, yote hayo unayalipa mara mbili.

Uamuzi

Saa nne na nusu kaka mkubwa alimwita imamu. Mazungumzo yao sikuyasikia, nilichoambiwa ni matokeo: wasingoje hadi Alhamisi. Sala ya jeneza baada ya alasiri, maziko mara baada yake. Kijana akaambiwa kwa simu kabla hajatoka nyumbani, akaambiwa vile vile kwamba ataswalia kaburini. Akasema anakuja hivyo hivyo.

Gharama ya lile kosa la alfajiri ilionekana jioni. Tangazo la pili lilitoka, lakini tangazo la pili siku zote huwakuta watu wameshalisikia la kwanza. Jamaa wa Makunduchi walikuja na gari nzima baada ya Magharibi wakakuta mikeka na kahawa, maziko yamekwisha. Bibi mmoja, dada wa marehemu kwa mama mwengine, alikasirika na nasikia hasira hazijaisha. Hilo nalitia hapa kwa makusudi. Mtu akisoma hesabu za ndege anaweza kudhani kosa la saa nane kuwa kumi na nne ni la kwenye karatasi.

Kwa maoni yangu kosa halikuwa kugawa. Kosa lilikuwa kutangaza kabla ya kuona tiketi. Hapo kati palihitajika simu moja, na swali lenyewe halikuwa London ni mbali kiasi gani. Ni hili: aliyetoka London leo, akaja kwa njia yoyote, mapema kabisa anakanyaga Kisauni saa ngapi? Swali hilo hujibiwa kwa dakika kumi, na jibu lake siku ile lingekuwa Alhamisi saa mbili na ushei, kabla hata jua halijapanda Jumatano.

Binti wa Chake

Huyu nilitaka kumpitia haraka, lakini kila nikirudia tarehe na saa naona yeye ndiye mfano mzuri zaidi. Chake Chake hadi Unguja kwa anga ni kilomita 125. Ndege ndogo huchukua nusu saa, mara nyingine haifiki. Alipata habari saa tisa na dakika kumi usiku. Boti siku ile haikuwapo. Ndege ya kwanza aliyopata siti ilikuwa ya baada ya saa tatu asubuhi, na kabla ya hapo alitakiwa afike uwanjani Wawi, apimwe yeye na mkoba wake, angoje. Aliingia Kikwajuni saa nne na dakika kumi. Alimuona babake kabla hajakafiniwa, alhamdulillahi.

Lakini hesabu: saa saba kamili kwa kilomita 125. Ni kama 18 kwa saa, mwendo wa baiskeli. Ndugu yake wa London, tangu roho ilipotoka hadi alipoingia mlangoni, alichukua saa 31 kwa ule mstari wa 7,442. Hiyo ni 240 kwa saa. Kwa kila kilomita, Pemba ilikuwa mbali na maziko kuliko Uingereza mara kumi na tatu. Na sababu ni ile ile moja: mguu wenye ndege chache. Pale Pemba mguu wa mwisho ndio huo huo wa kwanza, basi.

Kufika

Ndege ya Doha ilitua Alhamisi dakika tatu kabla ya wakati wake. Kijana alikuwa na mkoba wa mkononi tu. Hata hivyo alitoka nje saa tatu na nusu, kwani mwenye paspoti ya Uingereza hulipia viza, na tangu Oktoba 2024 lazima awe na bima ya safari ya Zanzibar, dola 44. Bima hiyo hukatwa mtandaoni, hata usiku. Hakuna aliyemkumbusha, na kwa hili wakala wake anastahiki lawama kidogo, ingawa alikuwa na mengi siku ile. Alipiga foleni na watalii wenye kaptura. Saa nne alikuwa nyumbani, saa tano Mwanakwerekwe, akaswali kaburini na kaka yake nyuma yake.

Alikaa hadi hitima na siku kidogo zaidi. Tiketi ya kurudi aliichapisha kwangu, na Maalim alikuja naye, akaitaka aisome mwenyewe. Unguja 09:35, London 21:30, siku ile ile. Kwa macho ni saa kumi na mbili kasoro dakika tano, zaidi ya saa tano pungufu kuliko ya kuja. Akatoa kalamu mfukoni, akaandika pembeni ya karatasi, akajumlisha tatu. Saa 14 na dakika 55. Akaniuliza kwa nini kurudi kunazidi dakika arubaini na ni njia ile ile. Nikamwambia upepo: kule juu, Ulaya na Mashariki ya Kati, majira ya baridi huvuma kwa nguvu kutoka magharibi, ukija unakusukuma na ukirudi unakupiga usoni. Akauliza na mwezi wa Julai? Julai upepo hupungua, na tofauti ya saa ni mbili badala ya tatu, kwani Uingereza husogeza saa zao mbele mwishoni mwa Machi na kuzirudisha mwishoni mwa Oktoba, sisi hatusogezi. Akaandika na hilo.